Mwaka Mmoja na Begi la Kamera: Kwa Wewe Unayeanza Kujitegemea

Nina daftari dogo ambalo nimeandika humo kila kazi tangu niache kuajiriwa. Wiki iliyopita nilikaa nalo nikahesabu. Kwa mwaka mzima nilipiga picha siku 74. Siku 39 nilikuwa safarini, naenda au narudi. Zilizobaki, ukiondoa za kupumzika na za kuumwa, nilikuwa mezani: nachagua picha, nahariri, najibu ujumbe, naandika ankara, nakumbushia ankara, nakumbushia tena.

Humo humo nilikuwa naandika makosa, na hayo ndiyo yaliyonifanya nikuandikie. Kila kilichoharibika nilikiwekea alama nyekundu. Nilizikuta alama 17. Nilitegemea nyingi ziwe za kamera yenyewe, kama vile fokasi imekosa, picha imeungua kwa mwanga, shata (kile kifuniko cha ndani ya kamera kinachofunguka kuingiza mwanga) ilikuwa ya polepole mno. Za namna hiyo zilikuwa 3 tu. Zile 14 zote zilitokea pale ambapo kitu kinahama: maneno ya mteja yanapogeuka kuwa makubaliano, kamera inapotoka kwenye baridi kwenda kwenye joto, picha zinapotoka kwenye kadi kwenda kwenye diski, begi linapovuka mpaka, kazi inapotoka kwangu kwenda kwa mteja, na hela inapotoka kwa mteja kuja kwangu, safari ambayo ni ndefu kuliko zote.

Kwa hiyo leo sikufundishi namna ya kupangilia picha wala kuchagua lenzi. Hayo utayajua kwa kupiga, na wa kukuelekeza ni wengi. Nitakaa hapo kwenye kuhamahama.

Nianze na maneno ya mteja. Mwezi wangu wa tatu nilipigiwa simu na kampuni moja ikitaka "picha chache za viongozi, na za mazingira ya ofisi." Nikasema sawa. Nikabeba bodi moja, yaani kamera yenyewe bila lenzi, lenzi mbili, flashi moja na moyo mweupe. Nilipofika nikakuta watu 46 wamepangwa kwenye korido, kila mmoja amevaa suti yake, wanasubiri picha ya mtu mmoja mmoja. Kwa mteja, viongozi ni kila mwenye cheo. Chache ni kila mmoja apate moja. Betri ya flashi ilikata roho kwa mtu wa 31, na waliobaki niliwasogeza dirishani, jua likiwa linaondoka. Ukiziangalia zile picha kwa mpangilio utaona kabisa mahali ambapo flashi ilikufa.

Yule mteja hakunidanganya. Mimi ndiye sikuuliza chache ni ngapi. Sasa kabla sijakubali kazi nauliza, na majibu nayarudisha kwa maandishi hata kama tumeongea kwa simu: tunapiga nini, wapi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, unategemea kupokea picha ngapi zilizokamilika, zitatumika wapi na kwa muda gani. Kisha swali ambalo wageni wengi wa kazi hii hulisahau: nani mwenye kauli ya mwisho? Nimewahi kusimama katikati ya watu wawili wa ofisi moja, mmoja anataka mandhari meupe, mwingine anataka bustani, na wote wananiita "kaka, sikiliza." Siku hizi nahitaji jina moja, na huyo mwenye jina awepo siku ya kupiga. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa mpiga picha mali yenyewe ni saa zake.

Advansi nayo ni sehemu ya makubaliano, usiione kama kumkosea mteja heshima. Kwangu tarehe haiingii kwenye kalenda mpaka nusu ya malipo iwe imeingia. Nilifika hapo baada ya mteja kuahirisha usiku wa kuamkia kazi, nami kwa ajili yake nilikuwa nimekataa kazi nyingine ya siku ileile. Alisema pole. Alisema kwa upole kweli.

Bado niko kwenye makubaliano, kwa sababu hapa ndipo niliumia kuliko kote. Nilimpiga mtu mmoja picha kwa ajili ya ripoti ya ndani ya shirika. Miezi minne baadaye nikaikuta ile picha kwenye bango la barabarani, kubwa kuliko gari, ikitangaza huduma. Nilipopiga simu nikajibiwa, "Si tulishakulipa?" Walinilipa, ila walilipia ripoti. Tatizo ni kwamba hilo halikuandikwa popote.

Hapa ujue mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni hakimiliki ya picha. Katika nchi zilizo ndani ya Mkataba wa Berne, ule wa mwaka 1886 ambao umerekebishwa mara kadhaa, kazi hulindwa tangu inapoundwa bila kuhitaji kusajiliwa. Lakini sheria za nchi hutofautiana kuhusu kazi ya kuagizwa na kazi ya mwajiriwa, kwa hiyo usitegemee sheria ikusemee, andika. Mimi huandika kwamba mteja anapewa ruhusa ya kutumia picha kwa jambo fulani, mahali fulani, kwa muda fulani, na matumizi mengine yanajadiliwa upya. Hili si jambo la kujivuna. Mwaka 1947 wapiga picha Robert Capa, Henri Cartier-Bresson, David Seymour na George Rodger walipoanzisha ushirika wao wa Magnum, moja ya hoja zao kubwa ilikuwa hiyohiyo: haki za picha zibaki kwa aliyepiga badala ya jarida lililomtuma. La pili ni idhini ya aliyepigwa. Hata kama picha ni yako, sura ni ya mwenyewe, na kuiweka kwenye tangazo bila ridhaa yake ya maandishi ni kujitafutia kesi. Yule mtu wa bangoni hakuwa ameulizwa na yeyote. Alinipigia mimi, si wao, maana sura aliyoikumbuka ni yangu.

Tuje kwenye joto na baridi. Kulikuwa na harusi ambayo maandalizi yalifanyika kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali, na sherehe ilikuwa nje, hewa nzito yenye unyevu. Nilikuwa ndani saa nzima. Bibi harusi akatoka, nikatangulia mlangoni, nikainua kamera, nikaona maziwa matupu. Lenzi ilikuwa imejaa ukungu. Nikafuta kwa kitambaa, ukungu ukarudi kabla sijaipeleka kamera jichoni. Nikafuta tena. Kioo kilikuwa bado cha baridi, na kila hewa ya nje ilipokigusa ilidondosha maji yake, kama inavyotokea kwenye chupa iliyotoka kwenye friji. Dakika ile ya kushuka ngazi, na baba yake amemshika mkono, ninayo. Inaonekana kama ndoto. Mama mmoja aliisifia akidhani nimekusudia.

Dawa yake haina gharama. Vifaa vitangulie kutoka vikiwa ndani ya begi lililofungwa zipu, nusu saa hivi, vipate joto taratibu. Unyevu utatua juu ya begi badala ya kutua kwenye kioo. Ukiwa na bodi mbili, moja ikae nje mapema kwa mtu unayemwamini. Na ukungu ukishakukuta, usithubutu kubadilisha lenzi, maana utaingiza hewa ileile ndani ya kamera.

Mwanga wa taa nao hubadilika ukivuka mpaka, na hili sikulijua mpaka liliponiaibisha. Umeme wa majumbani katika nchi nyingi una mizunguko 50 kwa sekunde, na katika nyingine, Marekani ikiwemo, ni 60. Taa nyingi za mirija na za LED za bei rahisi hupepesa mara mbili ya idadi hiyo, yaani mara 100 au 120 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Nilikuwa kwenye mkutano, nikaweka shata ya kielektroniki ili nisipige kelele wakati watu wanaongea. Kwa shata hiyo, kamera nyingi husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo mistari iliyosomwa taa ikiwa imefifia ikatoka na giza. Msemaji mkuu alitoka na michirizi usoni kama pundamilia. Picha 200 na kitu.

Sasa nikiingia ukumbini, kabla sijasalimia mtu, napiga picha mbili tatu za ukuta mweupe na kuzikuza kwenye kioo cha kamera. Nikiona michirizi narudi kwenye shata ya kawaida, naiweka 1/100 au 1/50 ya sekunde kwenye umeme wa mizunguko 50, na 1/125 au 1/60 kwenye wa 60. Kamera nyingi za siku hizi zina mpangilio wa kuzuia kupepesa. Utafute kwenye menyu ukiwa nyumbani, usiutafute msemaji akiwa jukwaani. Skrini kubwa za LED na taa za jukwaani zina midundo yao wenyewe, na huko hakuna namba ya kukariri, ni kujaribu tu.

Jua pia usilibebe kwa mazoea. Karibu na ikweta linashuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, hivyo kutoka lilipo nyuzi 6 juu ya upeo mpaka linapozama una kama dakika 24. Ukienda mbali kaskazini au kusini linashuka kwa mshazari, na mwanga ule wa dhahabu unaweza kukaa muda mrefu zaidi. Mpiga picha aliyezoea wa kukaa sana akija kwenye wa kukaa kidogo hupoteza kazi akiwa bado anafungua stendi. Angalia saa ya machweo ya huko unakokwenda, kisha uwepo mahali pale saa moja kabla.

Saa za kamera: kabla ya kazi yoyote ya bodi mbili, zote zipige picha ya saa ileile ya simu. Mimi nilirudi safarini na bodi moja ikiwa bado inasoma majira ya nchi niliyotoka. Nilipopanga picha za sherehe kwa muda, wageni walikuwa wanacheka kabla mzungumzaji hajasimama, na keki ililiwa kabla ya kukatwa. Ukiwa na ile picha ya simu, programu ya kupangia picha inasahihisha tofauti kwa mara moja. Bila hiyo utapanga kwa macho, moja moja, usiku kucha.

Na sasa kadi. Hapa nitakaa kidogo.

Ilikuwa saa saba usiku, chumba cha hoteli, kesho yake nina kazi nyingine alfajiri. Nilichomeka kadi, nikaanza kunakili picha kwenye diski ya nje, nikaenda kuoga. Niliporudi kioo cha kompyuta kilikuwa kimezima. Nikajua imemaliza. Nikarudisha kadi kwenye kamera, nikaifomati, nikalala. Asubuhi, nikiwa kwenye gari, nikafungua kompyuta nikakuta ujumbe unaosema diski imejaa. Zilikuwa zimeingia picha 212. Kazi nzima ilikuwa picha 648.

Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa bado sijapiga hata picha moja juu ya kadi ile. Kufomati kwa kawaida hufuta orodha tu, kama kuchana ukurasa wa yaliyomo na kuacha sura za kitabu. Picha zenyewe hubaki mpaka zipigwe nyingine juu yake. Kwa hiyo ukifanya kosa hili, toa kadi papo hapo, iweke mbali, usijaribu hata picha ya kuhakikisha kama kweli zimefutika. Nikitumia programu ya kurejesha faili nilipata karibu zote. Chache zilirudi nusu, juu watu, chini rangi ya kijivu.

Tangu siku hiyo sifomati kadi mpaka nihesabu. Idadi ya faili kwenye kadi na kwenye diski zilingane, kisha nafungua picha ya kwanza, ya katikati na ya mwisho kwa ukubwa wake wote. Kadi iliyojaa naigeuza kichwa chini ndani ya kijaluba chake ili hata gizani mkono usiichukue. Kama kamera ina nafasi mbili za kadi, ziandike zote mbili kwa pamoja. Na nafuata kanuni ya 3-2-1 iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Safarini, hiyo ya mahali pengine kwangu ni diski ndogo inayokaa mfukoni mwa suruali, mbali na begi. Mwizi akichukua begi amechukua vifaa; kazi ya mteja natembea nayo.

Kuhusu ndege nitakwenda haraka. Betri za akiba za lithiamu haziingii kwenye mzigo unaokabidhiwa, zinakwenda nawe ndani. Zisizozidi Wh 100 (saa-wati, kipimo cha nishati ya betri) kwa kawaida hazina shida, za kati ya 100 na 160 zinahitaji ruhusa ya shirika la ndege, za zaidi ya hapo zisahau. Hesabu yake ni volti mara saa-ampea: betri ya kamera ya volti 7.2 na mAh 2,280, yaani saa-ampea 2.28, ni kama Wh 16, kwa hiyo usiogope. Angalia zile za flashi kubwa na za droni. Ziba ncha zake kwa utepe wa kunata zisigusane na funguo. Kama bado unapiga kwa filamu, omba ikaguliwe kwa mkono, maana mashine mpya za kukagua mizigo ya mkononi zinaweza kuiharibu.

Forodha ndiyo iliyoninyima usingizi. Ukiwa na bodi mbili, lenzi nne na taa, afisa haoni mpiga picha, anaona mfanyabiashara. Niliwekwa benchi kwa muda wa saa tatu nikieleza kwamba vifaa ni vyangu na nitarudi navyo, bila karatasi hata moja. Kwa kazi za aina hii kuna hati inayoitwa ATA Carnet, iliyotokana na mkataba wa mwaka 1961, inayoruhusu vifaa vya kazi viingie kwa muda bila kulipiwa ushuru katika nchi zinazoitambua, na hudumu mwaka mmoja. Hutolewa na chemba za biashara na inadai dhamana, kwa hiyo kwa safari ndogo huenda isikulipe. Lakini orodha ya vifaa yenye namba za bodi na lenzi, pamoja na nakala za risiti, haikugharimu kitu. Ichapishe, usiitegemee simu. Itakusaidia hata unaporudi kwenu, ukiulizwa kama lenzi umeinunua huko ulikotoka.

Baada ya yote hayo unakabidhi. Mteja mmoja aliniambia picha zangu "zimepauka." Kwangu zilikuwa zinang'aa. Nilikuwa nimezitoa kwa Adobe RGB, mpangilio wa rangi ulio mpana, na programu aliyofungulia haikuujua mpangilio huo. Picha za mtandaoni na za simu zitoe kwa sRGB, mpangilio wa rangi wa kawaida. Ukitumiwa na mchapishaji masharti yake mwenyewe, fuata hayo. Pia usimpe mteja kila ulichopiga. Mwanzoni nilikuwa natoa picha 900 nikidhani ni ukarimu, na kila mara aliyeniajiri alichagua ile niliyoionea aibu akaibandika kila mahali, na jina langu chini yake.

Malipo, basi. Ankara yangu sasa inaandikwa siku ileile ninayokabidhi picha za kuchagulia, ina tarehe ya mwisho ya kulipa, si neno "baadaye." Picha za kuchagulia ni ndogo na zina jina langu limepita katikati. Zile kubwa zinatoka malipo yakikamilika. Nilidhani wateja watakasirika; wengi hawakugundua hata kwamba ni utaratibu, waliona ndivyo kazi inavyokwenda. Kukumbushia nako kuna ujumbe mmoja ninaounakili bila kubadili neno, ili nisije nikauandika nikiwa na hasira: "Habari za kazi. Ankara ya tarehe fulani ilipaswa kulipwa jana. Naomba kujua lini malipo yatafanyika ili niwaandalie faili kubwa." Haulalamiki, hausimulii shida zangu za kodi ya nyumba. Unauliza lini.

Alama nyekundu ya 17 ni ya mteja ambaye hajajibu swali hilo tangu wiki tano zilizopita. Jana alinitumia ujumbe kuuliza kama naweza kumwondolea yale maandishi yaliyopita katikati ya picha.